PUTI YA GEREJI HAITIBU BOTI, KAKA!

 

Wiki hii najua kuna watakaocheka. Boti? Dodoma? Mji ambao dimbwi la maji likikaa siku tatu watu wanaanza kulizoea kama jirani? Cheka tu, lakini ukimaliza nieleze wale perege unaowagombania jioni, wakiwa wamekaangwa wakanyunyiziwa ndimu na chumvi, walikuja mjini kwa miguu? Wengi wametoka Mtera, na aliyewatoa majini alikuwa ndani ya chombo. Chombo hicho kikitoboka, sahani yako nayo imetoboka.

Barua iliyonifanya niiweke kando mada ya viatu vya harusi (itarudi, dada zangu, msinune) imetoka kwa vijana watatu wa hapa mjini. Majina wameomba yahifadhiwe, na mkisoma mpaka chini mtajua kwa nini. Hawa jamaa walibana matumizi muda mrefu, wakavunja kibubu, wakanunua boti ya faiba iliyokwishatumika huko Pwani. Wakaipakia kwenye Fuso mpaka Mtera, wakaikodisha kwa wavuvi. Mambo yakawa mazuri, ngawira ikaanza kuingia. Mwezi wa pili tu boti ikapanda kisiki. Upande wa omo, chini ya mstari wa maji, kuna ufa wa shibiri moja na pembeni yake tundu la ukubwa wa yai la kuku wa kienyeji.

Hapo ndipo kasheshe ilipoanza. Wa kwanza amempata fundi bodi wa magari aliyemwambia hilo ni jambo la nusu siku: puti, msasa, rangi, jioni boti iko majini. Wa pili anasema wapake rangi tu, wamuuzie mtu wa mbali kabla hajaigeuza chini juu. Wa tatu ndiye aliyeniandikia.

Naomba nianze na huyo wa pili. Kaka, gari bovu ukimuuzia mtu litamzimikia njiani Chalinze, atakutukana, atapanda basi. Boti yenye tundu lililofichwa rangi haizimiki njiani. Inafunguka katikati ya bwawa, usiku, ikiwa na watu wanne, nyavu na injini, ndani ya maji yenye mamba na viboko. Pesa utakayopata hapo hata ukinunulia soda itakukaa kooni. Basi hilo lako tumelifunga, tuendelee na wenye nia ya kutengeneza.

Kwanza tuelewane Mtera ni mahali gani. Bwawa lile liko mpakani mwa mikoa ya Dodoma na Iringa, kwenye Mto Ruaha Mkuu. Lilijengwa mwishoni mwa miaka ya 1970 ili kuhifadhi maji ya mitambo ya umeme ya Kidatu kule chini, na mwaka 1988 likapata mitambo yake lenyewe ya megawati 80. Likijaa, maji yanafika mita 698.5 juu ya usawa wa bahari. Kiwango cha chini kabisa cha kuendeshea mitambo ni mita 690. Hiyo tofauti ni mita 8.5, nyumba ya ghorofa mbili na ushee! Sasa kumbuka kwamba maji yalipopanda yalikuta pori, na miti mingi ikafia humo humo imesimama. Kisiki ulichokipita juu mwezi Mei bila hata kujua kipo, mwezi Oktoba kinakusubiri kiganja kimoja chini ya maji. Wenyeji wanavijua kama unavyojua matuta ya mtaani kwenu. Mgeni mwenye injini mpya na haraka zake ndiye anayevipata kwa kifua.

Boti za faiba nazo zinaongezeka nchini. Magogo makubwa ya mtumbwi yamekuwa haba, mbao bei juu, na serikali yenyewe imeingia kwenye mchezo: Januari 2024 Rais Samia Suluhu Hassan alikuwa Mwanza akizindua ugawaji wa boti za kisasa za mkopo kwa wavuvi. Kwa hiyo habari hii si ya vijana watatu peke yao. Babu zetu wa Pwani dau lao likivuja walijua la kufanya: pamba, mafuta, patasi ya kalafati, kazi inaendelea. Faiba haikalafatiwi. Ina tabia zake.

Faiba ni nini? Ni nyuzi za kioo zilizosokotwa au kutandazwa kama mkeka, zikalowekwa resini, zikakauka zikawa gamba moja. Ukitaka kuielewa haraka, fikiria zege. Resini ndiyo saruji, mkeka wa nyuzi ndio nondo. Juu kabisa, upande unaong'aa, kuna ngozi nyembamba wanayoiita jelkoti, haifiki hata milimita moja. Kazi yake ni kuzuia maji na jua na kuleta sura nzuri. Nguvu haiko hapo, nguvu iko kwenye nondo.

Sasa fundi bodi anapokuambia puti, anakuambia akumwagie zege lisilo na nondo kwenye tundu la ghorofa. Tena kuna ubaya wa pili. Puti ya kawaida ya gereji imejaa unga laini unaofyonza maji. Kwenye mlango wa Corolla haina neno, maana Corolla haishindi majini. Chini ya boti itafyonza, itavimba, itaachia. Itashika wiki moja, pengine tatu, na ndiyo maana mafundi wengine wanaapa kwamba inafaa: hawakuwepo siku ilipoachia.

Haya, kazi yenyewe. Nimekaa kijiweni na mafundi wa faiba, wale wanaotengeneza bodi za mabasi na maboti, na wote wanaanza na kitu ambacho sisi vijana hatukipendi: kusubiri. Boti itolewe majini, igeuzwe, ioshwe kwa sabuni mpaka mafuta ya injini na utelezi wa samaki viishe. Halafu ianikwe. Resini haishiki penye unyevu, na faiba iliyopasuka hunywa maji kwa ndani kama sponji hata kama kwa nje unaiona kavu. Hapa Dodoma Mungu katupendelea. Mwenzako wa Tanga au Unguja anapigana na hewa yenye maji, wewe una jua la bure na upepo mkavu. Siku nne tano za kiangazi zinatosha kwa kidonda kama hicho. Usitie moto, usilete jiko la mkaa karibu. Utaichoma resini ya zamani.

Ikikauka, igonge. Chukua sarafu au mpini wa bisibisi, gonga taratibu ukianzia mbali na ufa ukija karibu. Panapolia ko-ko-ko, sauti kavu, pazima. Panapolia mfu, kama unagonga boksi la karatasi, matabaka yameachana hata kama juu hapaonyeshi kitu. Zungushia chaki. Mara nyingi ufa wa shibiri moja una ugonjwa wa shibiri mbili. Na kama sauti mfu imefika kwenye mataruma au kwenye ubao wa tezi unapofungwa injini, simama hapo hapo. Hilo si dogo tena, tafuta mtu anayejenga boti.

Kama kumechubuka ngozi tu na nyuzi hazionekani, kazi ni nyepesi: safisha, piga msasa, jaza jelkoti, ling'arishe. Vile vinyufa vidogo vidogo kama utando wa buibui navyo vifungue kwanza kwa ncha ya tupa viwe mfereji, ndipo ujaze, maana ukipaka juu juu vinarudi. Vikirudi tena baada ya hapo, ujue pale boti inapepesuka kila ikipigwa wimbi na inataka kuongezewa tabaka kwa ndani.

Lakini jamaa zetu wana tundu. Hapo lazima grenda itembee. Kwanza futa kwa kitambaa chenye asetoni kabla ya kukwangua, la sivyo unasaga mafuta unayaingiza ndani. Kata nyuzi zote zilizovunjika mpaka ufike kwenye gamba gumu. Kisha chonga kingo ziwe mteremko, kama unavyochonga ncha ya penseli. Mteremko uwe mrefu: mara 12 ya unene. Gamba likiwa milimita 5, unachonga sentimita 6 kila upande wa tundu. Najua inauma kuona tundu la yai linageuka sinia. Fundi anayeogopa kulikuza anakuandalia kiraka kitakachoshikilia ukingoni tu, na siku ya pigo la pili kitang'oka kizima kama kifuniko cha chupa.

Vumbi la faiba linawasha kuliko upupu. Barakoa, miwani, shati la mikono mirefu, suruali siyo pensi. Ukimaliza oga maji ya baridi kwanza. Kina dada mnaofua nguo za hawa watu, zifueni peke yake, msizichanganye na za mtoto.

Kwa ndani ya boti, ziba tundu kwa kipande cha plaiwudi kilichofunikwa nailoni, kibane kisicheze. Hicho ni ukuta wa muda tu. Kata mikeka ya faiba, ule wa gramu 450 kwa mita ya mraba ndio wa kawaida, na kila tabaka lake likikauka linakupa unene wa kama milimita moja. Kwa hiyo gamba la milimita 5 linataka matabaka manne mpaka matano. Kingo za mkeka zichane kwa mkono, usikate kwa mkasi, ili nyuzi zifumane na za zamani. Kuna ubishi wa miaka mingi kama uanze na kipande kidogo au kikubwa. Mimi niko upande wa wanaoanza na kikubwa, kwa sababu ndicho kinacholala moja kwa moja kwenye gamba la zamani na ndicho chenye kushika eneo pana. Anayebisha aniandikie.

Sasa resini, na hapa naomba tuache utani kidogo. Resini peke yake haikauki, inataka hadena. Kipimo ni asilimia 1 mpaka 2 ya uzito. Kwa gramu 250 za resini ni kama mililita 3 mpaka 4. Usipime kwa kifuniko cha soda wala kwa jicho. Nenda duka la dawa ununue bomba la sindano la mililita 5, tupa ile ncha, pimia hilo. Ukizidisha, resini inachemka, inatoa moshi na kupasuka pasuka. Ukipunguza chini ya asilimia 1 haitakomaa hata ukiisubiri mpaka Nane Nane. Jua likiwa kali, nenda na kipimo cha chini. Changanya kidogo kidogo, maana una dakika 10 mpaka 20 kabla haijaganda, na usiiache imejaa kwenye kopo. Inapokuwa nyingi mahali pamoja inajipasha moto yenyewe. Kama resini yenu inauzwa na dawa ya tatu ya kuharakisha, dawa hiyo na hadena visikutane vyenyewe kwa vyenyewe hata tone. Vinalipuka.

Na hiyo hadena ni nyeupe pe, inaonekana kama maji ya kunywa. Mafundi wetu wanaigawa kwenye chupa za maji! Jamani! Tone likiingia jichoni linaweza kukupofusha moja kwa moja, na mtoto akimeza chupa hiyo msiba uko mlangoni. Miwani ivaliwe kabla chupa haijafunguliwa. Likikurukia, osha jicho kwa maji mengi yanayotiririka, robo saa nzima au zaidi, huku mwenzako anatafuta usafiri wa hospitali. Ukinunua, nunua kwenye kopo lake lenye maandishi, na likae juu, mbali na watoto na mbali na moto. Kama fundi anakupimia kwenye chupa ya Uhai, mkatalie hata kama ni shemeji yako.

Paka resini kwenye mteremko kwanza, laza mkeka, donoadonoa kwa brashi mpaka weupe wote uishe na mkeka uwe angavu kama karatasi ya maandazi. Weupe unaobaki ni hewa, na hewa ni tundu la kesho. Mkeka wa gramu 100 unakunywa gramu 200 mpaka 250 za resini. Usimwage zaidi ukidhani unaongeza nguvu; resini tupu ni ngumu lakini inavunjika kama biskuti. Matabaka matatu, pumzika ipoe, malizia yaliyobaki. Kesho yake toa ule ukuta wa plaiwudi, piga msasa kwa ndani, ongeza matabaka mawili yanayovuka tundu pande zote.

Saa za kazi ni muhimu kuliko watu wanavyodhani. Asubuhi za Juni na Julai hapa kwetu baridi inauma, na resini chini ya nyuzi joto 15 inalala usingizi. Mchana jua linaikausha kabla hujalaza mkeka. Alasiri ndiyo ule upepo wetu maarufu wenye vumbi jekundu, na vumbi likitua kwenye tabaka bichi umejenga ukuta wa mchanga katikati ya kiraka. Saa nne mpaka saa sita, chini ya turubai, hapo ndipo penyewe.

Mwisho ni ngozi. Sawazisha kwa msasa namba 80, kisha 120, kisha paka jelkoti. Jelkoti ina kituko chake: sehemu inayogusana na hewa inabaki inanata hata siku tatu. Ifunike kwa nailoni angavu, ilainishe isiwe na mikunjo, ibandike pembeni, ukibandua kesho yake imekauka na vumbi halikuiona. (Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Juni 2019, usiende kuulizia rambo, utaonekana mgeni. Tafuta ile nailoni ya kufungashia ya kupima kwa mita.) Malizia na msasa wa maji namba 400, 800, mpaka 1000. Waliotumia epoksi, ambayo inashika vizuri zaidi na bei yake imechangamka, wasipake jelkoti ya kawaida juu yake bila kuuliza. Hizo mbili hazipatani. Wapake rangi ya boti.

Acheni siku tano mpaka saba kabla ya kuirudisha majini. Halafu iwekeni ukingoni, mizigo ndani, bila abiria, ishinde siku nzima. Ingieni mpapase kwa mkono pale ndani. Pakiwa pakavu, wakaguzi wa vyombo vya majini ni TASAC, waiteni waione, na waonyesheni kiraka kilipo badala ya kukificha. Jaketi okozi ziwe sawa na idadi ya watu. Na muwalipe wale wavuvi kitu kidogo wawaonyeshe visiki vyote kabla ya Oktoba. Wekeni maboya ya chupa juu yake.

Huyo wa kwanza mwambieni fundi bodi wake si mbaya, ampelekee bampa. Ila na bampa napo pana mtego: nyingi zinazokuja na gari kutoka kiwandani ni plastiki, siyo faiba, na resini haizishiki. Igeuze uangalie kwa ndani. Ukiona nyuzi nyuzi kama mkeka, hiyo ni faiba. Ukiona pamenyooka laini na maandishi madogo ya PP, hiyo inachomelewa kwa joto. Na msomaji wa Ipagala aliyeuliza kama anaweza kuziba tenki lake la maji kwa resini, jibu ni hilo hilo: tenki lako ni plastiki, tafuta wachomeleaji.

Wiki ijayo viatu vya harusi, naahidi. Vijana wa Mtera, mkishusha boti majini niandikieni imekuwaje, na mkiniletea perege nitawapokea bila maswali.